Shajara ya mradi: wiki saba na hadithi moja ya kurasa tisa

Wiki ya 1, Jumatatu

Naanza kuandika leo kwa sababu najijua, nikisubiri mpaka mwisho nitakumbuka nilipofika tu, njia yote nitakuwa nimeisahau. Mradi wenyewe ni huu: hadithi fupi moja, kurasa tisa, wiki saba, kuisoma mpaka nielewe jinsi ploti (msuko wa matukio), mandhari na wahusika wanavyoshikana ndani yake. Rafiki yangu mmoja anayeandika amekubali kunitungia hadithi mpya kabisa kwa ajili ya hii kazi. Sharti lake ni kwamba nisimuulize chochote mpaka niwe nimeisoma yote mara tatu, na hata nikiuliza hatoi ahadi ya kujibu. Nimekubali.

Kwa nini nafanya hivi? Fasihi nimeisoma shule miaka mingi na mitihani nilifaulu, lakini nilichofundishwa ni kujaza nafasi. Ploti ni hii, mandhari ni hii, wahusika ni hawa na kila mmoja ana sifa tano. Unajaza, unapata maksi, unafunga kitabu. Ila juzi mtu alinisimulia riwaya aliyoisoma na kuipenda, nikamuuliza ilihusu nini, akaniambia kila kitu kilichotokea tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado wala mimi wala yeye hatukuweza kusema kwa nini ilimliza. Hilo ndilo lililonisumbua.

Alhamisi

Nimesoma mara ya kwanza, kwa mkao mmoja. Kwa ufupi: msimulizi ni mwanaume, anatumia nafsi ya kwanza, na jina lake halitajwi. Anakutana na dada yake mkubwa kwenye nyumba ya marehemu mama yao ili wagawane vitu kabla nyumba haijauzwa. Ni usiku, mvua inanyesha, na hawajaonana miaka sita. Umeme unakatika. Dada anaenda kutafuta kiberiti, anachelewa kidogo, anarudi nacho. Wanaongea mawili matatu. Ukurasa wa 8 ndo tunajua kwamba mama alipokuwa mgonjwa dada aliandika barua akisema akizidiwa nijulishe, nitakuja hata usiku, na msimulizi aliisoma ile barua, akaiweka kwenye droo, hakumjulisha mtu. Ile ile droo yenye kiberiti. Ukurasa wa 9 dada anaondoka.

Nimechora jedwali la safu tatu kama tulivyozoea. Ploti: ndugu wawili wanagawana mali na siri inafichuka. Mandhari: nyumbani, usiku, mvua. Wahusika: msimulizi (mvumilivu, mwenye kumjali mama), dada (mkali, mbinafsi, asiyejali familia). Nimeandika pia kwamba ukurasa wa 3 ni maelezo ya vyumba na samani tu, hakuna kinachotokea pale.

Jedwali limejaa na mi bado sina nilichoelewa. Naliacha kama lilivyo, nitalirudia.

Wiki ya 2

Wiki nzima ni ya ploti. Nimekata karatasi nene nikapata kadi ndogo, nikaandika tukio moja kwa kila kadi kwa mpangilio wa jinsi mambo yalivyotokea kwenye maisha yao, siyo jinsi yalivyosimuliwa. Zimetoka 12:

1 mama anaugua, 2 barua ya dada inafika, 3 msimulizi anaisoma na kuiweka kwenye droo, 4 mama anafariki, 5 mazishi, dada hayupo, 6 dada anafika siku mbili baadaye, 7 miaka sita inapita, 8 wanakutana kugawana vitu, 9 umeme unakatika, 10 dada anafungua droo, 11 dada anauliza swali kuhusu kitanda cha mama, 12 dada anaondoka.

Alafu nikazipanga tena kwa mpangilio wa kurasa. Sasa zinasomeka 8, 4, 5, 6, 7, 1, 9, 10, 11, 2, 3, 12. Nimezipiga picha zikiwa mezani kwenye mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na nikikuambia kwamba nusu saa nilikuwa natazama tu usishangae. Kadi ya 2 na ya 3, ambazo ndizo chanzo cha karibu kila kitu, zimesukumwa mpaka karibu na mwisho kabisa. Kumbe kuna vitu viwili tofauti ambavyo mi siku zote nilikuwa naviita ploti, yale yaliyotokea, na mpangilio anaopewa msomaji. Wahakiki wa Urusi wa miaka ya 1910 na 1920, akina Viktor Shklovsky, walivitenganisha kwa majina, cha kwanza wakakiita fabula na cha pili syuzhet. Sisi kwenye vitabu vyetu tunaongelea muundo wa msago (matukio yanafuatana moja kwa moja), wa rejea (usimulizi unarudi nyuma) na wa rukia (visa viwili au zaidi vinasimuliwa kwa kupokezana), na ni lugha nzuri, shida ni kwamba tulifundishwa kuutaja jina na kuishia hapo. Hadithi hii ina muundo wa rejea, sawa, lakini imepata nini kwa kurejea? Swali hilo sikuwahi kuulizwa.

Jibu la awali ninalo. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, kwenye kitabu chake cha 1927 alitoa mfano ambao watu wengi wanaujua: mfalme alikufa kisha malkia akafa, hiyo ni hadithi, lakini mfalme alikufa kisha malkia akafa kwa majonzi, hiyo ni ploti, kwa sababu sasa kuna chanzo na matokeo. Nimeuchukua mfano huo nikaupeleka kwenye kadi ya 5. Ukurasa wa 2 msimulizi anasema "hata kwenye mazishi hakuwepo." Ni kweli kabisa, hakuwepo. Unaposoma mara ya kwanza unajaza mwenyewe: hakuwepo kwa sababu hakujali. Ukifika ukurasa wa 8 ile ile sentensi, bila neno hata moja kubadilika, inakuwa: hakuwepo kwa sababu hakuambiwa. Tukio ni lile lile, ila ile "kwa sababu" imehama. Nikarudi ukurasa wa 2 nikaisoma tena na mwili ukanisisimka.

Kwa hiyo ploti haipo kwenye kadi. Ipo kwenye nafasi kati ya kadi na kadi, na sehemu ya nafasi hiyo msomaji ndo anaijaza, na mwandishi anajua utaijaza vibaya na amekuachia kwa makusudi.

Ijumaa, bado wiki ya 2

Nimejaribu kuichora hadithi kwenye ile piramidi ya ploti, utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka, suluhisho. Haikai. Kilele ni kipi, kufunguliwa kwa droo ukurasa wa 6 au kutajwa kwa barua ukurasa wa 8? Dada anafika kileleni kwenye ukurasa wa 6, msomaji anafika kwenye wa 8. Mchoro ule ni wa Gustav Freytag, Mjerumani, aliutoa mwaka 1863 akiongelea tamthilia za maonyesho matano, na kwa tamthilia za aina ile unafaa sana. Kuulazimisha kwenye kila hadithi fupi ni kama kupima joto kwa rula. Nauweka pembeni.

Jaribio jingine limenisaidia zaidi, na ni la zamani mno, la Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo. Anasema kitu ambacho kikiwepo au kisipokuwepo hakuna tofauti inayoonekana, basi hicho siyo sehemu halisi ya kazi nzima. Nikawa naondoa kadi moja moja natazama nini kinaanguka. Ondoa ya 9, umeme usikatike: hakuna anayetafuta kiberiti, droo haifunguki. Ondoa ya 7, ile miaka sita: bado hasira ni mbichi, wasingekaa chumba kimoja. Ondoa ya 11, swali la kitanda: hakuna kinachoanguka. Nimerudia mara tatu. Dada anarudi na kiberiti, anawasha taa, anauliza "Kitanda cha mama kilikuwa kinatazama mlango au dirisha?", msimulizi anajibu "Sikumbuki", wanaendelea na vikombe. Ukiikata sehemu hiyo hadithi inafika mwisho salama.

Namjua huyu rafiki yangu, haachii kitu kikae bure. Nimeizungushia kadi ya 11 duara jekundu.

Wiki ya 3

Mandhari. Nakiri kwamba hiki ndicho kipengele nilichokuwa nakidharau kuliko vyote. Nilipokuwa nasoma riwaya, maelezo ya mahali nilikuwa nayaruka kutafuta mazungumzo.

Nimefanya majaribio mawili ya kuwahamisha. La kwanza, nimeiandika upya ile sehemu ya katikati ikiwa mchana, jua linawaka. Nimeandika kurasa mbili nikakwama kwa sababu hakuna sababu ya mtu yeyote kwenda kwenye ile droo. Wanagawana vikombe, wanagawana mapazia, wanaagana. Barua inabaki kwenye droo iliyofungwa, nyumba inauzwa na barua ndani. Hapo ndo nimeelewa kwamba giza kwenye hii hadithi linafanya kazi. Giza linaleta haja ya kiberiti, kiberiti kinaleta droo, droo inaleta barua. Mandhari imeingia kwenye mnyororo wa ploti kama pete nyingine yoyote, na mi kwenye jedwali nilikuwa nimeandika "usiku" kama vile naandika tarehe.

Jaribio la pili, nimewatoa kabisa nyumbani nikawaweka kwenye basi lililojaa. Nakiweka kipande hapa:

"Vile vikombe unavitaka?"
"Chukua wewe."
"Na kabati?"
"Tutaongea."
"Lini sasa, mi nashuka kituo kinachofuata."
Dada akamtazama abiria wa mbele aliyekuwa amegeuza shingo nusu, akasema, "Basi chukua na kabati."

Sikupanga kuandika hivyo. Basi lenyewe ndo limeandika. Kuna masikio ya watu kwa hiyo sentensi zimekuwa fupi, kuna kituo kinakuja kwa hiyo kuna haraka, na dada amekubali kitu ambacho nyumbani asingekikubali ili tu wasisikilizwe. Watu wale wale, jambo lile lile, na hadithi imekuwa nyingine, sasa inahusu aibu na muda, haihusu siri tena.

Baada ya hapo nimeacha kuuliza "mandhari ya hadithi ni ipi" na nimeanza kuuliza mahali hapa panawaruhusu kufanya nini na panawakataza nini. Nani anaweza kuwasikia, wana muda gani, mlango uko wapi, kuna kitu gani kinachoweza kushikwa mkononi. Na muda uko humo humo ndani ya mandhari, hauko pembeni yake. Mikhail Bakhtin, mhakiki wa Kirusi, aliandika kuhusu hilo miaka ya 1930, akatumia neno kronotopu, akiunganisha maneno ya Kigiriki ya muda na mahali, hoja yake ikiwa kwamba kwenye riwaya muda na mahali haviachani. Anatoa mfano wa barabara, mahali ambapo watu wasiotarajiwa kukutana wanakutana. Na kizingiti cha mlango anakiona kuwa mahali pa maamuzi na migogoro. Nimesoma hayo nikarudi kwenye hadithi, nikakuta dada kwenye ukurasa wa 1 anasimama mlangoni mistari mitano mizima kabla ya kuingia. Msimulizi anasema alikuwa anakung'uta mwavuli. Mistari mitano ya kukung'uta mwavuli.

Wiki ya 4

Sikufanya kitu. Kazi zilinibana na hadithi niliiacha kwenye droo yangu mwenyewe. Nimesoma mara ya pili Jumapili usiku, haraka haraka, nimepigia mistari kila neno la dada.

Wiki ya 5

Wahusika. Nimerudi kwenye jedwali la wiki ya kwanza nikasoma nilichoandika, "dada: mkali, mbinafsi, asiyejali familia", nikajiuliza swali moja tu, nani kasema? Nikatafuta. Kila sifa niliyoandika imetoka kwenye mdomo wa msimulizi. Ukurasa wa 1 anasema dada yake ni mtu wa kujipendelea. Ukurasa wa 2 anasema siku zote ni mtu wa kuondoka. Ukurasa wa 4 anasema nyumba hii alishaisahau kitambo. Mi nimezikopi sifa hizo kama ushahidi wakati ni maneno ya mtu aliyeficha barua.

Nikachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto, alichosemwa. Kulia, alichofanya na alichosema yeye mwenyewe. Kulia zimekuja hizi: anavua viatu mlangoni ingawa nyumba inauzwa kesho kutwa. Anamwachia mdogo wake achague vikombe kwanza. Anakunja mapazia kwa mikunjo ile ile ambayo mama alikuwa anakunja, na msimulizi mwenyewe ndo anayelitaja hilo, kwa nusu sentensi, kisha anahamia kwenye mvua. Alafu umeme ukikatika msimulizi anainuka, na dada anamwambia "Kaa, mi najua kilipo."

Hapo nimesimama siku mbili nzima. Mi najua kilipo. Mtu ambaye kurasa mbili nyuma tumeambiwa ameisahau nyumba anatembea gizani, bila kujigonga popote, mpaka kwenye droo yenye kiberiti. Angekuwa kweli ni yule dada wa safu ya kushoto, asingeenda, angemwacha mdogo wake aende, na mdogo wake angechukua kiberiti na kuifunga droo bila kumwonyesha mtu. Barua inapatikana kwa sababu ni dada huyu na siyo mwingine. Kwa hiyo ile pete ya mnyororo niliyoiona wiki ya 3, giza, kiberiti, droo, ilikuwa na pengo na sikuliona. Giza lilileta haja tu. Aliyeinuka aliinuka kwa tabia yake.

Kwenye sentensi ile moja ya maneno manne vitu vyote vitatu vimefungwa fundo. Ukijaribu kuvitenganisha uviweke kwenye safu tatu unaikata sentensi yenyewe. Naamini sasa hilo ndilo kosa la jedwali langu. Nilichoandika ndani yake kingeweza kusahihishwa, ile mistari ya kutenganisha safu ndo ilikuwa inaniharibia.

Baadaye wiki hiyo hiyo

Nimepitia tena yale majina ya aina za wahusika tuliyokariri, bapa (wa sifa moja tu), duara (wenye pande nyingi), shinda (walio katikati ya hao wawili). Bapa na duara ni vya Forster, kitabu kile kile cha 1927. Niliwahi kuamini kwamba mhusika bapa ni mhusika aliyeandikwa vibaya. Forster hakusema hivyo, yeye anaona bapa wana faida zao, wanatambulika mara moja wakiingia na msomaji anawakumbuka kirahisi, na anasema watu wa kwenye riwaya za Dickens karibu wote ni bapa na bado wana uhai. Kipimo chake cha mhusika duara nakipenda: je, anaweza kukushangaza na bado ukamwamini? Kukushangaza bila kuaminika, huyo bado ni bapa anayejifanya duara.

Nikampima dada. Amenishangaza, na nimemwamini. Lakini ngoja, yeye hajabadilika hata kidogo ndani ya hadithi! Ni yule yule tangu anakung'uta mwavuli. Aliyebadilika ni mi ninayemsoma. Sijui kama kwenye mtihani ningepewa maksi kwa jibu hilo lakini nalisimamia.

Na kuna upande mwingine wa kukumbuka. Vladimir Propp, mtafiti wa Kirusi, mwaka 1928 alichambua ngano za Kirusi na akaonyesha kwamba matendo yanayojenga ngano hizo ni 31, yanafuatana kwa mpangilio ule ule, na watendaji wake wanaangukia katika nafasi saba tu, shujaa, adui, msaidizi na wengineo. Kule nani anafanya siyo muhimu, muhimu ni kitendo. Bibi kizee au ndege wote wanaweza kumpa shujaa kitu cha ajabu, ngano inaendelea. Kwa ngano naliona kabisa. Kwa hii hadithi ya kurasa tisa haiwezekani, ukimbadilisha anayeinuka kwenda kwenye droo hadithi nzima imekufa. Nafikiri hapo ndipo tofauti ilipo, kwenye ngano tendo linampata mtu wa kulitenda, hapa tendo linatoka kwa mtu.

Wiki ya 6

Nilidhani nimemaliza wahusika, kumbe nilikuwa nimemwacha mmoja, msimulizi. Nilikuwa namchukulia kama dirisha la kutazamia wengine.

Nimerudi kwenye picha ya kadi, ile ya mistari miwili. Wiki ya 2 niliuliza hadithi imepata nini kwa kuzisukuma kadi ya 2 na ya 3 kwenda mwisho, na nikajibu, imepata taharuki, imempotosha msomaji. Jibu hilo ni la mwandishi. Lakini anayesimulia ni mwanaume huyu, yeye ndo anayeamua aseme nini kwanza. Anaanza na dada asiyekuwepo mazishini. Barua anaitaja ukurasa wa 8, baada ya dada kuiona, yani baada ya kukosa njia ya kutoitaja, na anaitaja kwa sentensi moja: "Barua ilifika, nikaisoma, nikaiweka." Hamna kwa nini. Vitenzi vitatu na koma mbili, na sentensi inayofuata inaongelea mvua. Mpangilio wa matukio, ambao niliuweka chini ya ploti, ndo picha yake iliyo wazi kuliko zote. Hakuna mahali anapojieleza kuwa ni mwoga. Ila kadi zake ukizipanga zinamwonyesha mtu anayezunguka droo kwa kurasa saba.

Na kasi pia. Gérard Genette, Mfaransa, kwenye kazi yake ya 1972 alichambua mpangilio, muda na idadi ya marudio kwenye usimulizi, na hapo kwenye muda analinganisha urefu wa tukio kwenye maisha ya wahusika na urefu wake kwenye karatasi. Nimepima kwa rula. Miaka sita ni sentensi moja. Jioni moja ni kama kurasa sita. Kugawana vikombe ni ukurasa mzima na kidogo. Ugonjwa wa mama, ambao yeye ndiye aliyekuwepo siku zote na dada hakuwepo, na ambao angeweza kuusimulia kwa fahari kurasa nzima kama kweli alikuwa na amani nao, umepewa mistari minne tu ndani ya ukurasa wa 3, katikati ya samani.

Katikati ya samani. Nimeandika maneno hayo na nimeyapigia mstari. Ukurasa wa 3 ni ule niliosema hakuna kinachotokea.

Wiki ya 7, Jumamosi

Kusoma mara ya tatu. Safari hii nimesoma kwa sauti, polepole, na ukurasa wa 3 nimeusoma neno kwa neno kwa sababu wiki ya kwanza niliuruka kwa macho na ya nne niliukimbia.

Anaelezea sebule, kabati, saa ya ukutani iliyosimama. Anaingia chumba cha mama. Anasema godoro lilishatolewa, chaga zimebaki. Kisha anasema, namnukuu rafiki yangu kwa ruhusa yake: "Kitanda nilikigeuza mimi mwenyewe mwezi wa mwisho, mama alitaka akilala awe anautazama mlango." Kisha anahamia kwenye rangi ya ukuta iliyobanduka.

Nimeiweka karatasi chini.

Mama aliomba kitanda kigeuzwe ili autazame mlango. Alikuwa anamsubiri mtu. Kijana wake ndo aliyekisukuma kile kitanda kwa mikono yake, na barua ilikuwa tayari kwenye droo. Na dada, anaporudi na kiberiti baada ya kuiona barua yake mwenyewe imefunguliwa na kuhifadhiwa, haulizi kwa nini hukuniita. Anauliza kitu ambacho jibu lake litamwambia kama mama alikufa akimtarajia. Kitanda cha mama kilikuwa kinatazama mlango au dirisha?

Swali hilo linahusu mahali fanicha ilipowekwa ndani ya chumba, ni mandhari tupu ukilitazama hivi hivi, na limebeba uchungu wote wa mama na wa dada, na lingeweza kugeuza hadithi nzima kama angejibiwa. Nilisema ukiondoa kadi ya 11 hakuna kinachoanguka. Haiangushi kitu kwa sababu msimulizi alihakikisha haiangushi kitu.

Nimekata karatasi nyingine, kadi ya 13: msimulizi anageuza kitanda. Nimeiweka kati ya ya 3 na ya 4. Nimempigia rafiki yangu, sasa nina haki ya kuuliza. Nimemuuliza kama kweli yule mwanaume alisahau. Ameniuliza nimesoma mara ngapi, nimesema tatu, akaniambia basi fungua ukurasa wa 3 na ukurasa wa 7 uziweke pamoja.

Nimeziweka pamoja. Ukurasa wa 3, akiwa peke yake na sisi, anakumbuka mpaka mwezi. Ukurasa wa 7, dada yake amesimama mbele yake na kiberiti kinamwunguza kidole, anasema "Sikumbuki."